Punje ya Pili ya Baba

Opereta: Muleba, inua. Muleba, nakupa Bukoba. Haya Bukoba, ongea, mtu wako amefika.

Damian: Haloo? Haloo! Naongea na nani hapo?

Bernadeta: (mkwaruzo)

Damian: Opereta, hapa nasikia upepo tu.

Opereta: Subiri. Binti, umeugeuza huo mkono wa simu. Waya uje upande wa mdomo. Hapo hapo. Sema sasa.

Bernadeta: Tumsifu Yesu Kristo.

Damian: Milele na milele, amina! Bernadeta! Sauti yako kama inatoka ndani ya pipa, mdogo wangu.

Bernadeta: Nimekaa kwenye benchi la posta tangu wanafungua. Karani amenizoea mpaka amenipa ufagio.

Damian: (anacheka) Pole. Laini ilikuwa mbovu. Salamu yangu ya kwamba leo nitapiga, dereva wa basi aliifikisha, kumbe.

Bernadeta: Aliifikisha. Tulidhani utakuja mwenyewe.

Damian: Nitakueleza. Baba je?

Bernadeta: Yupo.

Damian: Yupo vipi?

Bernadeta: Yupo anakungoja, yupo vipi tena? Uji anaonja kwa kijiko. Hospitali walishatuambia tukae naye nyumbani, unajua hilo tangu unaondoka. Mbwa akibweka anasema, "Huyo ni Damian, mfungulie." Nafungua, ni mbuzi wa jirani.

Damian: Aa, masikini baba. Basi mwambie asihangaike, mambo yote yamekwenda sawa. Bernadeta, nimeuona mji! Peke yangu! Kule Mwanza, kwenye chuo chetu cha ualimu, hakuna mwenzangu hata mmoja aliyewahi kufika Kampala.

Bernadeta: Hebu nisimulie.

Damian: Kweli unataka?

Bernadeta: Nataka. Simulia ulichokiona.

Damian: Ehee! Kwanza vilima. Unapanda unashuka kama hapa kwetu tu, ila juu yake ni nyumba, nyumba, nyumba. Kuna ghorofa moja ukuta wake una matundu ya risasi kama chujio la chai, lakini ndani lifti inafanya kazi. Unaingia kwenye kikabati, mlango unajifunga wenyewe, unapaa, tumbo linabaki chini. Nikawauliza waliokuwamo, kwa Kiswahili, "Samahani, kushuka tunafanyaje?" Waitu! Wote wakajibana ukutani.

Bernadeta: Kwa nini?

Damian: Kule Kiswahili ni lugha ya wenye bunduki. Mtu akikusikia unakiongea anatafuta mlango. Halafu sokoni, mzee mmoja muuza viatu kanishika shati. "Wewe Mtanzania?" Nikasema ndiyo. "Rudisha redio yangu!" Anasema wanajeshi wetu waliichukua wakati wa vita. Nikamwambia mzee wangu, vita ile mimi nilikuwa darasa la nne. Akasema, "Basi baba yako ndiye anayo." (anacheka) Watu wakacheka, akaniachia.

Bernadeta: Baba alirudi na mguu mbovu, hakurudi na redio.

Damian: Ndiyo hivyo nilimwambia. Nikapanda mpaka kanisa kuu la Rubaga, nikamwashia mama mshumaa. Kengele ikigonga pale unaisikia kifuani. Jioni nikasimama nje ya duka moja lenye televisheni dirishani. Tulijaa barabarani, watu wazima na heshima zao, tunaangalia mpira kupitia kioo, hakuna sauti, na tunashangilia hivyo hivyo. Na matoke yao, Bernadeta, yanapondwa ndani ya majani, yanakuja ya njano kama—

Bernadeta: Umemaliza?

Damian: Bado picha. Nilipiga picha kwa mpigapicha wa—

Bernadeta: Nauliza umemaliza mji?

Damian: Leo umeamkaje wewe?

Bernadeta: Nimeamka vizuri. Sasa niambie kile ulichotumwa. Baba hakukutuma kupanda lifti.

Damian: Nilikuwa nakuja huko.

Bernadeta: Njoo basi.

Damian: Nilifika kwa Mzee Rutashobya. Nyumba haikunisumbua, ile ya bati jekundu chini ya kilima, kama baba alivyoelekeza. Amefurahi sana. Ametoa machozi. Anasema, "Mwanangu, mwana wa ndugu yangu."

Bernadeta: Ulimkuta anafanya nini?

Damian: Anashona. Si unajua ni fundi? Alikuwa kwenye ile cherehani yake barazani, ile ile ambayo wakati wa vita alimficha baba chini ya meza yake, baba ana risasi ya paja. Akasimamisha gurudumu, akanitazama juu ya miwani hivi, akasema, "Sura ya baba yako tupu."

Bernadeta: Akakutazama.

Damian: Ee.

Bernadeta: Juu ya miwani.

Damian: Ndiyo. Kuna nini?

Bernadeta: Hakuna. Endelea. Tunda la kahawa la baba ulimpa?

Damian: Nilimpa mkononi. Lilikuwa vile vile kwenye ganda la mgomba kama baba alivyolifunga. Akalifungua, akalipasua, punje mbili zikatoka. Moja akaitafuna pale pale mbele yangu, nyingine—

Bernadeta: Akaitafuna?

Damian: Akaitafuna. Nyingine akanipa nimletee baba.

Bernadeta: (kimya)

Damian: Haloo? Bernadeta? Opereta, umekata?

Opereta: Sijagusa kitu. Yupo, anapumua.

Damian: Bernadeta, sikiliza. Hiyo punje ya baba ninayo mfukoni. Basi la mchana la kuja huko Muleba kondakta wake namfahamu, nitamkabidhi. Wewe ngoja hapo posta, uipokee, umpelekee baba. Mimi nipitilize na meli ya leo kwenda Mwanza. Chuo kimeshafunguliwa, nikichelewa zaidi nitakuwa na kesi.

Bernadeta: Kondakta.

Damian: Ni mtu mwaminifu.

Bernadeta: Damian.

Damian: Leo "kaka" imeenda wapi?

Bernadeta: Utaipata ukiistahili. Kahawa ya kuchanjiana inatafunwa?

Damian: Sasa mimi—

Bernadeta: Inatafunwa? Jibu. Anatafuna mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Anatafuna baba mkwe. Kahawa ya munywani, ndugu wa kuchanjiana damu, inamezwa nzima, jino lisiiguse! Tumekua tunasikia habari hiyo kila jioni ya Mungu. Yeye na Rutashobya walikatana chale kitovuni, kila mmoja akameza punje ya mwenzake ikiwa na damu. Wakaapa wa kwanza kuondoka duniani, mwenzake ndiye atamtupia udongo wa mwanzo. Na akishindwa kuja, atumiwe tunda, ameze punje moja na kurudisha ya pili, mgonjwa aimeze, ajue ameagwa. Baba amekuwa akiingojea hiyo, roho imemkaa hapa kooni. Halafu unaniambia mwenzake hakumeza? Katafuna!

Damian: Nimekosea neno tu. Alimeza. Neno tu hilo, jamani, unanisimamisha kama kizimbani?

Bernadeta: Na miwani ni neno?

Damian: Miwani gani?

Bernadeta: Ile aliyokutazamia juu yake! Rutashobya haoni, Damian! Haoni! Macho yote mawili ni meupe kama maziwa. Hajagusa cherehani tangu masika ya mwaka juzi.

Damian: Nani kakwambia?

Bernadeta: Mwenyewe.

Damian: Mwenyewe yupi?

Bernadeta: Rutashobya! Yuko nyumbani! Amekaa kwenye mkeka pembeni ya kitanda cha baba tangu juzi. Alisikia kwa wafanyabiashara wa mpakani kwamba ndugu yake ni mgonjwa hoi, akapanda lori la chumvi, kipofu, akishika mabega ya watu asiowajua, mpaka akafika kwetu. Na wewe mwenye macho mawili hukumwona.

Damian: (mkwaruzo) ...hai?

Bernadeta: Sema kwa nguvu!

Damian: Nasema yuko hai?

Bernadeta: Anakula viazi vyangu, asiwe hai?

Damian: Mungu wangu. Mungu wangu, Bernadeta.

Opereta: Muda umekwisha. Bukoba, unaongeza?

Bernadeta: Anaongeza!

Damian: Ongeza, opereta. Usikate, tafadhali.

Bernadeta: Sasa toa mwenyewe. Ulienda wapi siku zote hizo? Ulikuwa unapanda na kushuka na kikabati?

Damian: Nilienda kwake. Naapa kwa kaburi la mama, nilienda siku ile ile niliyofika. Nyumba niliikuta. Bati jekundu. Mlango una kufuli. Majani yamefika dirishani. Nyuma, kwenye migomba, makaburi manne. Hakuna msalaba wenye jina. Moja ni bichi, majani ya mgomba yaliyolifunika bado hayajakauka.

Bernadeta: Ukauliza majirani.

Damian: Majani yalikuwa marefu, Bernadeta—

Bernadeta: Damian, uliuliza majirani?

Damian: Sikuuliza.

Bernadeta: Hukubisha hodi hata nyumba moja!

Damian: Ningeuliza nini? Niambie! Huko kwetu nani anauliza? Nyumba ya Mzee Protase hapo chini yetu imefungwa mlango, nani aliuliza? Tunapita tunaangalia miguu yetu. Nikasimama pale, nikayahesabu yale makaburi, nikasema basi, wamekwisha wote. Kama kwetu wanavyokwisha.

Bernadeta: Ukakimbia.

Damian: Sikukimbia! Nilichimba kwa vidole. Lile kaburi bichi, upande wa kichwani. Nikaliweka tunda la baba humo, likiwa zima, kwenye ganda lake, nikafukia. Nilidhani ni yeye yuko chini. Nikasema kama hawezi kumeza, basi awe nalo.

Bernadeta: Ukalizika.

Damian: Halafu ningerudi kumwambia nini baba? Anakufa, halafu nimwambie mwenzako amekutangulia, hakuna wa kukutupia udongo? Ndiyo nikakaa mjini. Nilizunguka. Nilipanda hiyo lifti mara nyingi, sikuwa na pa kwenda. Nikakusanya vitu vya kumsimulia, ili acheke.

Bernadeta: Na hiyo punje uliyotaka kumpa kondakta? Uliyonayo mfukoni? Imetoka wapi kama tunda ulizika?

Damian: Aa, hiyo...

Bernadeta: Imetoka wapi!

Damian: Nimenunua hapa stendi. Kwa wale kina mama wanaouza vifungu vya kahawa ya kutafuna.

Bernadeta: Mae waitu! Kahawa ya stendi! Imechemshwa na majani ya kunukia kwa ajili ya abiria! Ungemmezesha baba yako kahawa ya abiria akiwa anakata roho, halafu mimi ndiye nimshikie kikombe cha maji?

Damian: Nilitaka afe na amani!

Bernadeta: Kwa mkono wangu! Uongo uutunge wewe, niubebe mimi, wewe upande meli!

Damian: Na nyinyi je? Nyinyi ndio mlionifundisha! Klaudia mlimzika nikiwa bweni la sekondari. Mnaniambia yuko Kaagya kwa shangazi, anapumzika. Nimerudi likizo nimembebea dada yangu kitenge, nauliza atarudi lini kutoka Kaagya, mnatazamana. Mwishowe nalikuta kaburi mwenyewe, nimeenda kukata ndizi! Hamkunificha? Mpaka leo hamjaniambia aliumwa nini. Kazi yake ya samaki visiwani, kukonda kwake, kila mtu anajua, na kila mtu anasema kichomi. Leo mimi nikificha ndiyo nimekuwa shetani?

Bernadeta: Mimi ndiye niliyemwosha Klaudia.

Damian: Najua.

Bernadeta: Hujui. Nilikuwa nimemaliza la saba, nimevaa ile sare bado maana sikuwa na gauni jingine la kazi. Baba ndiye aliyesema usiambiwe, ulikuwa na mtihani. Nilimwambia, "Tata, tusimfanyie hivyo." Akasema ninyamaze. Nilinyamaza, na sijawahi kupenda kule kunyamaza. Kwa hiyo usiniweke mimi kwenye fungu lao.

Damian: Samahani.

Bernadeta: Sitaki samahani ya kwenye waya. Unajua kilichonipandisha hasira? Siyo lifti yako. Sikiliza. Juzi Rutashobya anaingia, baba anamshika mkono, wanalia wote wawili. Halafu baba anamuuliza, "Mwanangu Damian alikukuta?"

Damian: Ee Mungu. Akasemaje?

Bernadeta: Alinyamaza kidogo sana, mimi tu niliona. Akasema, "Alinikuta. Kijana mwenye adabu. Kahawa yako alinipa na nilimeza."

Damian: Alisema hivyo?

Bernadeta: Alisema hivyo! Hajawahi kukusikia hata ukikohoa! Alijua baba anauliza nini. Akafunika aibu yako kwa mdomo wake, mtu wa umri ule, mbele ya ndugu yake wa damu anayekufa. Halafu akanifuata jikoni anapapasa ukuta, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyo kaka yako sauti yake ikoje? Nzito au nyembamba? Nisije nikashindwa kumjua akiingia." Nilitamani ungekuwa karibu nikupige na mwiko.

Damian: (analia)

Bernadeta: Lia haraka, muda unakwenda.

Opereta: Kweli unakwenda. Bukoba, nyuma yako kuna watu wanasubiri simu. Mmalizie.

Damian: Bernadeta. Lile kaburi bichi... ni la nani?

Bernadeta: La Aristides, mwana wa mwisho wa Rutashobya. Ndiye aliyekuwa anamshika mkono. Alipokwisha kumzika, mzee akachukuliwa na binti yake wa Masaka, ndiyo maana ukakuta kufuli; na majani hayakuwa na wa kuyafyeka tangu Aristides alipoanza kuumwa.

Damian: Basi kahawa yake ipo kwa mwanawe.

Bernadeta: Ipo.

Damian: Utamwambia?

Bernadeta: Mimi? Utamwambia wewe. Utamshika mkono, utamtoa nje mpaka kwenye migomba, umwambie kila kitu, na kufuli na majani na vidole vyako. Akitaka kukupiga atakupiga. Lakini siyo mbele ya baba.

Damian: Nina tiketi ya meli hapa.

Bernadeta: Ichane.

Damian: Chuoni watanifuku—

Bernadeta: Baba ameacha uji tangu asubuhi! Nilikwambia anaonja kwa kijiko. Hiyo ni jana; leo alfajiri, naondoka, hakufungua hata mdomo. Unasikia ninachokuambia au nikutajie neno lenyewe? Anaangalia mlango tu. Mwenzake yupo, kaagwa, kila kitu kipo. Amebaki anakungoja wewe. Sasa panda hiyo meli.

Damian: Basi la mchana...

Bernadeta: Linaondoka saa hizi. Nikikuona Muleba tutapanda wote mpaka Rubya, tushuke kwa miguu mpaka nyumbani. Nisipokuona, usinipigie tena posta. Sitainua.

Damian: Nakuja. Bernadeta, nakuja. Lakini nikiingia niseme nini? Yule mzee... nimsalimieje mtu niliyekwisha kumwona, na sijamwona?

Bernadeta: Usiseme mengi. Usitaje mji. Piga goti pale katikati, kitanda na mkeka, useme, "Tata, nimerudi." Wataitika wote wawili.

Damian: Tata, nimerudi.

Bernadeta: Siyo hivyo, unatetemeka. Yule anasikiliza sauti, na baba anamsikiliza yeye. Sema kama mtu wa nyumbani.

Damian: Tata, nimeru—

(mkwaruzo)

Bernadeta: Haloo? Damian? Haloo!

Opereta: Hayupo, binti.

Bernadeta: Laini imekatika?

Opereta: Laini ipo nzima. Karani wa Bukoba anasema mkono wa simu unaning'inia, mwenyewe katoka mbio. Mimi huwa sisikilizi mazungumzo ya watu, lakini amekimbilia upande wa stendi, siyo bandarini. Karani anasema ameacha na begi lake hapo chini. Wamwite?

Bernadeta: Wasimwite. Halina kitu cha kutufaa.